Wanaokuja kupima mlango wa kizazi ni wale wale: jibu kwa muuguzi wa kando ya Ziwa Victoria

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Kila Jumatano asubuhi tunapima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, bure kabisa, na mashine ya kutibu kwa joto tunayo moja. Wanaokuja ni walimu, wake za watumishi na akina mama wa hapa sentani, wengine kwa mara ya tatu sasa. Wanawake wa mialoni (fukwe zinakopokelewa samaki), wa visiwani na wake za wafugaji siwaoni mpaka waletwe wakiwa wanavuja damu. Mganga mfawidhi anasema hawana mwamko, tuongeze elimu. Ni kweli? Pia nasikia kuna kipimo ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe. Kinatufaa? Na tunaowakuta wajawazito au wako hedhini, tuwarudishe?

JIBU: Sista, kabla ya kuongeza elimu, angalieni kwanza hiyo Jumatano yenu. Kipimo kinachoanza saa mbili asubuhi kituoni kimeshachagua nani atapimwa: mwenye mshahara unaoingia hata akiacha kazi kwa muda wa saa mbili tatu, na mwenye nyumba ya karibu. Mwanamke wa mwaloni saa hiyo anapokea dagaa. Mitumbwi imerudi alfajiri, amenunua kwa ndoo, anaanika mchangani au kwenye chanja, anageuza, anafukuza kuku, na jicho moja liko angani. Mvua ikinyesha akiwa kwenye benchi lenu, dagaa wa kuliwa na watu wanageuka dagaa wa chakula cha kuku, na bei inaporomoka siku hiyo hiyo. Mnamwambia huduma ni bure, naye anajumlisha nauli ya boti, bodaboda na mtaji wa siku nzima. Hesabu yake iko sahihi kuliko yenu.

Si kwamba elimu haina kazi. Tutaifikia. Lakini mwanamke aliyeelimika akakuta mlango umefungwa saa anayoweza kuja, mwamko wake hautamsaidia.

Hasara yenyewe iko hivi. Kwa makadirio ya 2022, Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Ni ugonjwa unaokwenda polepole: kutoka mabadiliko ya awali hadi saratani kamili huchukua kama miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Kwa sababu ya upole huo, kipimo kimoja kizuri katika umri wa miaka 35 na kingine kwenye 45 huokoa kuliko vipimo vitano vya haraka haraka kwa mtu mmoja. Ndiyo maana lengo la Shirika la Afya Duniani la kufikia 2030 linataka wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, kwa kipimo chenye uwezo mkubwa. Mwalimu wenu aliyepimwa mara tatu ndani ya miaka mitatu, na kila mara akaonekana salama, hakukosea kuja. Nyie ndio mmempa nafasi mbili za watu wengine.

Kwa hiyo anzeni na daftari. Chukueni rejesta ya uchunguzi ya miezi 12 iliyopita, mkae wawili kwa saa tatu hivi. Kwa kila jina andikeni mambo mawili: anatoka kitongoji gani, na kama ni mara yake ya kwanza maishani kupimwa. Mara nyingi safu ya makazi imejazwa jina la kata, au imeachwa wazi. Mkikuta hivyo, kuanzia kesho jazeni kitongoji, na kwa watu wa kambi jazeni jina la mwalo, kwa sababu wengi wao hawajihesabu kuwa wa kijiji chochote. Pembeni wekeni idadi ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 wa kila kitongoji. Makadirio ya wilaya peke yake hayatoshi, maana kambi za uvuvi hujaa na kupungua. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana madaftari ya kaya, na mwaloni viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, wanajua nani yuko na nani kahama.

Tuseme mmepata wanawake 1,800. Kipimo cha siki kikirudiwa kila baada ya miaka 3, mnapaswa kupima 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi, 12 au 13 kwa wiki. Mkipima 15 kila Jumatano, taarifa yenu ya mwezi inang'aa. Lakini kama 9 kati ya hao 15 walipimwa mwaka jana wakawa salama, kazi mliyofanya ni ya watu 6. Hiyo ndiyo namba ya kumwekea mganga mfawidhi mezani: waliopimwa kwa mara ya kwanza, kitongoji kwa kitongoji. Akiona kitongoji chenye wanawake 200 kina majina matatu, na sentani yenye 150 ina majina 140, neno "mwamko" litapungua uzito lenyewe. Hapo ndipo mtaomba mafuta ya boti yaingie kwenye mpango wa mwaka wa kituo. Mkisubiri mfadhili, mtampata mara moja, kisha basi.

Baada ya daftari ni kalenda. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haiwavuti tena, na uvuvi hupungua au husimama kabisa. Kila mwezi basi kuna siku ambazo mwanamke wa mwaloni hana mzigo wa kuanika. Kuna mtego hapo: siku hizo hizo watu hutawanyika, wanakwenda makwao. Dirisha lenu ni siku moja au mbili mbalamwezi inapoanza kukolea, kabla kambi haijapwaya. Waulizeni wachuuzi wenyewe wawatajie siku, msikisie kwa kalenda ya ukutani. Mkishindwa kupata siku hizo, nendeni mchana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, dagaa wakiwa wameshageuzwa na bado hawajakusanywa.

Kwa wafugaji wengi hufikiria mnada. Hatuushabikii sana. Mwanamke anafika mnadani kuuza maziwa, akimaliza anaondoka, wala hataki kuonekana anaingia hema mbele ya wanaume wa kijiji kizima. Siku ya huduma ya mkoba ya chanjo za watoto ni afadhali, kwa sababu tayari amepanga kuja na tayari ana sababu ambayo hakuna wa kuihoji. Kasoro yake ni kwamba inawapata wanaozaa, ikiwaacha wa miaka 42 na 48 ambao hawana mtoto wa kupima uzito. Dawa ya hiyo ni kumwambia kila mama mwenye mtoto: mara ijayo njoo na mama mkwe wako. Mkwe akishapimwa yeye, ruhusa ya nyumba nzima imeshapatikana. Na chagueni Juni hadi Agosti kwa safari kubwa, barabara zikiwa kavu na mavuno yakiwa ndani.

Sasa elimu. Tatizo lake kubwa si uchache, ni maneno. "Tunapima kansa" kwa wengi maana yake ni "tunakuja kuwaambia mtakufa". Na "mlango wa kizazi" mtu anasikia "kizazi" tu, akaanza kuwaza kung'olewa au kufungwa uzazi. Semeni mnachofanya na msichofanya: tunaangalia kwa macho, tunapaka siki, tunasubiri dakika moja, tunaangalia tena. Hatutoi kizazi, hatuweki kitanzi, hatukati kitu bila kukuambia. Pitisheni spekulamu safi, kile kifaa cha kupanulia uke, mkononi kwa mkononi, kila mmoja aifungue na kuifunga. Kunja ngumi, waonyeshe kitundu kati ya kidole gumba na cha shahada: mlango wa kizazi unafanana hivyo, na tunaangalia huku nje yake. Anayeongea asiwe wewe uliyevaa sare. Awe mwanamke wa mwalo ule ule aliyekwisha kupimwa. Penye Kisukuma au Kijita, aseme kwa lugha hiyo, na mzungumze naye kabla ili asitafsiri saratani kuwa laana.

Wengine hawaji kwa sababu wanakujua wewe. Muuguzi anayesali nao, anayenunua nao nyanya, ndiye huyo atakayewaona uchi. Badilishaneni na kituo jirani: nyie mwende kwao, wao waje kwenu. Na huduma isisimame peke yake. Wekeni kupima presha na uzazi wa mpango kwenye foleni hiyo hiyo, ili anayepanga mstari asijulikane amefuata nini. Mwanamke kiziwi mpeni mchoro wa hatua zote, aje na mtu anayemchagua mwenyewe, na kamwe asitafsiriwe na mtoto wake. Asiyeweza kupanda kitanda kirefu mlazeni ubavu kwenye kitanda cha kawaida, magoti yakunjwe, spekulamu inaingia vizuri tu.

Kipimo cha kujichukulia: ndiyo, kinawafaa, na kwa visiwani pengine kuliko siki. Kinatafuta DNA ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na sampuli aliyojichukulia mwanamke inakaribia kabisa ile iliyochukuliwa na mtoa huduma. Husomwa pia na mashine ya GeneXpert, ile ile ya kifua kikuu, ikitumia katriji zake maalumu. Lakini msigawe brashi hata moja ya kuchukulia sampuli kabla hamjaongea na msimamizi wa maabara. Mashine ya kawaida ina vyumba vinne, na kila mzunguko huchukua kama saa moja. Kwa siku ya kazi, bila kusimama, ni sampuli 24 hivi, na makohozi ya kifua kikuu lazima yatangulie. Mkirudi na sampuli 100 siku moja, mmeleta kazi ya wiki nzima. Kubalianeni idadi kwa wiki, kisha gawa brashi kulingana na idadi hiyo, si kulingana na furaha ya mkutano.

Maelekezo kwa mwanamke yawe mafupi, na aonyeshwe brashi kabla ya kuingia faragha. Nawa mikono. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shika mpini, usiguse ncha. Ingiza taratibu kuelekea upande wa mgongo mpaka ikuzuie, kama urefu wa kidole cha kati au kupita kidogo. Zungusha mara tano upande ule ule. Toa, tumbukiza kwenye chupa kama ulivyoonyeshwa, funika. Wengi wanaogopa kwamba hawajafika kwenye mlango wenyewe, kwa hiyo waambieni mapema: si lazima ufike.

Yanayoharibika ni madogo madogo. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika maji ya chupa yakimwagika, basi tumieni kalamu ya wino usiofutika, na mwandike kabla hajaingia faragha. Majina yanafanana, hivyo andikeni namba, jina na jina la mwalo. Brashi ikianguka mchangani isipanguswe, apewe nyingine, kwa hiyo bebeni za akiba walau tano kwa kila hamsini. Simu aliyoandikisha ni ya mume au ya duka, kwa hiyo muulizeni: tukipiga, nani atapokea, na tuseme nini? Ujumbe usitaje kansa wala virusi. "Muuguzi anakuomba ufike siku ya kliniki" inatosha.

Jibu likisema ana HPV, maneno mawili yaandaliwe mapema. La kwanza: hii si saratani, ni kirusi ambacho watu wengi hukipata na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. La pili: kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwa hiyo kipimo hakiwezi kusema nani kamletea nani wala lini. Neno hili la pili mkilisahau mtavunja nyumba, na mwalo mzima utafunga milango safari ijayo. Kisha safari ya pili iende kwao, na mashine ya joto. Mkiwaita wenye HPV waje kituoni, mtapoteza wale wale mliohangaika kuwafikia. Utaratibu wa kutibu moja kwa moja au kukagua kwanza ufuate mwongozo wa taifa. Kwa wanaoishi na VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri ukaguzi uwepo kati ya jibu na tiba.

Siku ya siki mnakokwenda, pangeni kwa namba. Mwanamke mmoja kwa dakika kumi, watoa huduma wawili, ni wanawake 12 kwa saa. Wanawake 40 ni saa tatu na nusu bila chai. Siki ya 5% mililita 10 kwa mtu ni mililita 400, tengenezeni 500: mililita 25 za asidi kali ya asetiki ndani ya mililita 475 za maji yaliyosafishwa, asidi imwagwe kwenye maji na si maji kwenye asidi. Chupa ya asidi ambayo haijachanganywa ibaki kituoni, kwa sababu ikipakwa kimakosa inaunguza, na kosa hilo likitokea mara moja hakuna atakayerudi. Tengenezeni asubuhi ile ile, jioni mwageni, maana hupoteza nguvu. Pamba za kijiti tatu kwa kila mtu. Spekulamu 40 zikipatikana ni raha. Zikiwa 20, wekeni mtu wa kuzisafisha tu: klorini ya 0.5% dakika 10, kuosha kwa sabuni, kisha kuchemsha dakika 20 zikihesabiwa tangu maji yalipotokota. Taa ya kichwani iwe na mwanga mweupe. Mwanga wa njano unaficha weupe mnaoutafuta.

Kuhusu kusoma, dakika moja ihesabiwe kwa saa, si kwa kukisia. Kipimo chanya ni weupe mzito wenye kingo zinazoonekana, unaogusa mpaka ambapo ngozi nyekundu ya ndani inakutana na ya waridi ya nje. Weupe hafifu uliotawanyika, mstari mwembamba kwenye mpaka, au vijivimbe vya maji vinavyong'aa, si chanya. Wasomaji wapya huona weupe kila mahali. Kwa wanawake wa miaka 30 na zaidi wasio na VVU, tegemeeni karibu 5 hadi 10 kati ya 100. Mmoja wenu akiwa na 25 au akiwa na 1, mwekeni na mzoefu wakague pamoja wanawake 20.

Na kwenu kuna kichocho. Ukanda wa ziwa una wanawake wengi ambao mayai ya kichocho yamekaa kwenye mlango wa kizazi na uke. Hutoa damu wakiguswa, huwa na madoa ya njano yanayofanana na punje za mchanga, na hutibiwa miaka kwa dawa za magonjwa ya zinaa bila nafuu. Madoa hayo si weupe wa siki, yalikuwepo kabla hujapaka. Ndiyo maana tunasisitiza kuangalia vizuri kabla ya siki. Mpe prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mujibu wa mwongozo, na uandike, kwa sababu anaweza kuwa na kichocho na weupe wa siki pia.

Msiende bila mashine ya joto na betri iliyojaa. Tunaona kampeni zenye fulana na muziki zinazopima mamia, halafu wenye majibu chanya wanapewa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ni boti nyingine na mzigo mwingine wa dagaa, na aliye maskini zaidi ndiye atakayeikosa. Anayefaa kutibiwa papo hapo ni yule ambaye weupe wote unaonekana, hauingii ndani ya tundu, haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango, hana dalili ya saratani na si mjamzito. Nyuzijoto 100, sekunde 20 hadi 30, na ncha ihamishwe na kurudiwa kama eneo ni pana kuliko ncha yenyewe. Ataona tumbo linamkaza kama la hedhi. Baadaye atatokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na mwambieni kabla, asije akadhani mmemharibu. Homa, damu nyingi au maumivu makali, arudi mara moja. Baada ya miezi 12, apimwe tena.

Kinachokwamisha tiba ya siku hiyo si hofu ya joto, ni zile wiki nne za kutokutana na mume. "Naomba nikamuulize" ndilo jibu mtakalolisikia. Msimlaumu, anajua atakayemkuta nyumbani. Zungumzeni na wanaume siku mbili kabla, kwenye kikao cha BMU au cha kitongoji, mkitaja wiki nne waziwazi. Mpeni barua fupi yenye muhuri inayosema mama ametibiwa na anatakiwa kupumzika hadi tarehe fulani, bila kutaja ugonjwa. Na mfungieni kondomu za kutosha wiki nne, kwa yule ambaye mnaona wazi hatapata mapumziko hayo.

Uvimbe, kidonda kinachovuja au harufu kali: hapo joto lisiguse. Amwone daktari wa hospitali ya wilaya, naye achukue kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Kikae kwenye dawa ya kukihifadhi, formalini ya 10%, ujazo wake mara kumi ya kinyama chenyewe, kisha chupa iende maabara ya rufaa, hospitali ya Bugando kwa upande wenu, mama abaki nyumbani akisubiri jibu. Akiitwa, asafiri mara moja, akiwa na jibu mkononi, siku ya kliniki iliyothibitishwa kwa simu, na ameshaonana na afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa gharama. Tofauti kati ya safari moja na safari tatu huko ndiyo tofauti kati ya anayetibiwa na anayeuza ng'ombe wa mwisho kisha akarudi bila tiba.

Chumba cha karibu zaidi cha kuanzia kiko hapo hapo kituoni: CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii kama mara sita ya asiye navyo, na yeye tayari anakuja kuchukua dawa. Kwake Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza akiwa na miaka 25, kurudia kila miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV, au kila miaka 3 kwa siki. Mwongozo wa taifa ukitaka mara nyingi zaidi, fuateni huo. Brashi iwe kwenye dirisha la dawa, na tarehe ya kipimo ibandikwe kwenye kadi yake ya CTC. Asipelekwe Jumatano.

Mabinti wao tuseme kwa ufupi. Chanjo ya HPV ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, na wasichana 930 walioshiriki utafiti wa dozi hiyo mkoani kwenu Mwanza wana mchango katika uamuzi huo. Msichana mwenye VVU anahitaji zaidi ya dozi moja. Chanjo hutolewa zaidi shuleni, kwa hiyo anayekosa ni binti wa kambini, mchunga ng'ombe na mfanyakazi wa ndani. Majina yao yako kwenye yale yale madaftari ya kaya. Bebeni dozi kwenye boti, nyuzi 2 hadi 8, zisigande hata kidogo, kwa sababu chanjo iliyoganda imekufa ingawa chupa inaonekana nzima.

Mwisho uliuliza kuhusu kuwarudisha. Mjamzito asiye na dalili apangiwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto ili isipotee. Mjamzito anayetoka damu aonwe na daktari siku hiyo. Aliye hedhini akiwa mwishoni, damu kidogo, pangusa upime. Ikiwa nyingi hutaona kitu, na brashi nayo isubiri. Aliyepita miaka 50 msimfukuze, ila siki haimfai, maana mpaka unaousoma umeshaingia ndani ya tundu. Yeye apewe brashi, na damu yoyote baada ya hedhi kukoma ni rufaa. Kituoni anayesubiri anaweza kuambiwa arudi Jumatano ijayo. Kisiwani mwandike jina juu kabisa ya orodha ya safari ijayo, mpe tarehe ya mbalamwezi inayofuata, na boti ikifika aanze yeye.